Vyuo vitangaze mapema usaili wa muziki utauliza nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo wazazi wengi wa Dodoma wenye watoto wanaotaka kusomea muziki hulijua wakiwa wamekwishachelewa. Mtoto wa kwetu akikosa nafasi katika chuo cha muziki na kurudi nyumbani, watu husema hakuwa na kipaji cha kutosha, na yeye mwenyewe huishia kuamini hivyo. Kwa niliyoyaona kwa binti yangu, na kwa vijana wengine watatu wa kwaya yetu waliopita njia hiyohiyo, sababu ni nyingine kabisa: hakuna aliyewaambia mapema watakwenda kuulizwa nini. Kwa mtihani wa kidato cha nne kila mtoto ana muhtasari wa somo, ana mitihani ya miaka iliyopita na ana ratiba ya Baraza la Mitihani imebandikwa ukutani. Kwa usaili wa muziki hupewa tarehe na mahali pa kufika, basi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Nkuhungu, na nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani kwetu kwa miaka 18. Binti yangu alianza kupiga kinanda cha kanisa akiwa darasa la tano, miguu yake ikiwa haijafika vizuri sakafuni. Kila likizo alikwenda Mvumi kwa babu yake, baba mzazi wa mume wangu, ambaye ni mpigaji wa zeze, na huko bibi yake akamfundisha muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake na hupigwa ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Alimaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17, na ufaulu wake ulivuka masomo manne yasiyo ya dini yanayotakiwa kwa ngazi ya astashahada. Tukaomba nafasi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, kwa kuwa shabaha ya barua hii si kukishtaki, na ninaamini waliomsaili walikuwa watu wema waliofanya kazi yao kama walivyozoea kuifanya.

Ujumbe wa simu uliingia Jumatano saa tisa alasiri ukimtaka afike Ijumaa saa mbili asubuhi akiwa na chombo chake. Chombo kipi? Kinanda anachopiga ni mali ya kanisa, na hakibebeki ndani ya basi. Nilipiga namba iliyoandikwa kwenye ujumbe ule mara tano bila kupokelewa. Mwishowe tukalifunga zeze la babu kwenye khanga, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, na usiku uleule tukakata tiketi. Alifika hajalala. Akakuta kinanda chumbani, akapiga wimbo wa tenzi wenye sauti nne alioufanyia mazoezi mwezi mzima, na kabla hajaingia ubeti wa pili akaambiwa inatosha. Kisha akawekewa karatasi ya nota za mistari mitano, akaambiwa aitazame kwa nusu dakika na aipige.

Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi la saruji, na kupitia dirishani nilisikia kimya ambacho kilinichoma kuliko sauti yoyote. Baadaye kidole kimoja kikagusa sauti moja, kikasita, kikagusa nyingine, kisha kimya tena. Alipotoka alisema, «Mama, wameniwekea mistari mitano, sikujua hata nianzie wapi.»

Binti yangu husoma nota kila wiki, na huzisoma haraka kuliko mimi niliyemtangulia miaka yote hiyo, lakini anazozisoma ni nota za sol-fa. Yeyote aliyekaa katika kwaya za mikoa yetu anaijua karatasi ile: herufi d, r, m, f, s, l na t zimepangwa safu nne, kila sauti safu yake, nukta mbili zikitenga pigo na pigo, kistari kikiirefusha sauti, na juu pembeni pameandikwa doh, yaani sauti ya kwanza, iko wapi. Mfumo huo ulienezwa na John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta Afrika kwa kuwa uliweza kupigwa chapa kwa herufi za kawaida na kufundishwa ubaoni kwa chaki. Aliyeushika vizuri huijua kwa sikio nafasi ya kila sauti mbele ya nyingine, na hilo ni jambo kubwa katika muziki. Ndiyo maana binti huyohuyo, alipotakiwa kuimba mstari wa muziki aliopigiwa mara moja tu, aliurudia bila kosa, na alipotakiwa kuyatoa kwa makofi mapigo aliyoyasikia, aliyatoa sawasawa. Hakuwa mbumbumbu wa muziki. Alikuwa amesoma kwa mwandiko mmoja, naye akapimwa kwa mwandiko mwingine ambao hakuambiwa kwamba utatumika.

Naomba nisieleweke vibaya. Nota za mistari mitano ni za lazima kwa anayetaka kuishi kwa muziki, na Bendi ya Polisi inayotupigia wimbo wa taifa katika uwanja wa Jamhuri siku za sherehe haiwezi kufanya kazi bila hizo. Lakini kuzisoma kwa kiwango cha mwanzo ni kazi ambayo mtoto anayeijua sol-fa huiweza kwa miezi mitatu akiwa na mwalimu na kitabu. Tuliithibitisha wenyewe baadaye. Tungeambiwa Januari, angekwenda kwenye usaili ule akiwa tayari, na chuo kingepata nafasi ya kumpima kwa anachokiweza badala ya kumpima kwa anachokikosa.

Kuna watakaosema kwamba kutangaza maswali ni kuharibu usaili. Jibu lao liko katika mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, ambayo hufanywa katika nchi nyingi na hata Tanzania wapo wanaoifanya. Ina ngazi 8 za upigaji, na katika mtihani wa ana kwa ana kila mtahiniwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba atapiga vipande vitatu, atapiga skeli, yaani sauti za kupanda na kushuka kwa mpangilio, atasoma nota asizowahi kuziona na atafanyiwa majaribio ya sikio, kwamba jumla ni alama 150 na kwamba anayepata 100 amefaulu. Hakuna anayeambiwa nota zenyewe zitakazowekwa mbele yake, lakini anajua ataziona, na anajua zitakuwa ngumu kiasi gani. Hakuna aliyefaulu bila kazi kwa kuambiwa hivyo, na hakuna anayekaa mbele ya msaili akiwa gizani.

Sasa nirudi kwenye zeze, ambalo lilikwenda na kurudi bila kufunguliwa khanga yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili linagusa Dodoma nzima na halimhusu mwanangu peke yake. Binti aliona haya kulitoa kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anapiga kingine, nami sikujua kwamba ningeweza kuwaambia. Vijana wengi wa Chamwino, wa Mvumi na wa Bahi wanaofikiria chuo cha muziki wamejifunza muziki wao wa kwanza kwenye zeze, kwenye marimba au kwenye ngoma, na wote wanadhani kwamba mlangoni mwa chuo vitu hivyo vinaachwa nje kama viatu msikitini. Hayati Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa Mgogo wa mkoa huu huu, na alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Zeze na marimba vilimfikisha kwenye majukwaa ya Ulaya. Ikiwa mpigaji wa zeze aliweza kuwa mwalimu chuoni, kijana anayelipiga zeze asiachwe akisitasita kulitoa kwenye khanga siku ya usaili.

Wako pia wanaoambiwa kwamba wanaimba chini ya sauti inayotakiwa, na hilo lina maelezo yake. Muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, haukutuniwa kwa kinanda. Sauti zake zinafuata sauti asilia zinazojificha ndani ya uzi mmoja unaotetemeka, kama alivyoeleza mtafiti Gerhard Kubik, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya sauti ya kinanda inayoikaribia kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni, yaani ya hatua ndogo kabisa kati ya kibonyezo na kibonyezo cha kinanda. Mtoto aliyekulia Mvumi akiiimba sauti hiyo anaiweka pale ilipo katika zeze la babu yake, kwa uhakika kabisa na kila mara palepale. Msaili asiyeijua ataandika kwamba sikio la mtoto lina kasoro. Msaili anayeijua atamwambia apige kinanda kwanza, aimbe kwa kukifuata, kisha atoe zeze na aimbe tena, na hapo atagundua kwamba mbele yake kuna mtu mwenye masikio ya aina mbili. Vyuo vyetu vina walimu wanaolijua jambo hili. Naomba wawepo kwenye meza ya usaili.

Baada ya jibu la kukosa nafasi kufika, niliogopa kwamba ataacha. Kwa wiki tatu hakugusa kinanda. Aliyemrudisha hakuwa mimi. Ni mwalimu wetu wa kwaya, aliyemwita Jumapili moja baada ya ibada na kumwambia kwamba kukatishwa katikati ya wimbo wakati wa usaili si dalili ya kushindwa, kwamba wasaili wana watu wengi wa kuwasikiliza na mara nyingi wanajua wanachotaka kukijua katika dakika ya kwanza. Jambo dogo kama hilo! Mtoto alikuwa ameubeba ule msemo wa «inatosha» kwa wiki tatu kama hukumu, na kumbe ni desturi ya kazi. Laiti ningelijua ningemwambia siku ileile, palepale kwenye benchi la saruji.

Tangu hapo tumejipanga upya, na nitaeleza tunavyofanya kwa faida ya mzazi mwingine, hata asiyejua muziki hata kidogo. Kwanza ni muda. Mtoto anayemaliza kidato cha nne Novemba hukaa nyumbani mpaka katikati ya mwaka unaofuata kabla masomo mapya hayajaanza, na miezi hiyo mingi hupotea kwa kuangalia simu na kulinda duka la jirani. Huo ndio wakati wa maandalizi, na haurudi. Kanisa limempa binti ufunguo wa kinanda kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, siku nne za wiki, na kazi yangu mimi ni kuhakikisha kwamba katika saa hizo hatumwi maji, hatumwi sokoni Majengo wala hafuatwi na wadogo zake. Mtoto wa kike hasa, Mhariri, hana saa yake nyumbani mpaka mtu mzima aisimamie, na wazazi wengi tunaosema kwamba tunawaunga mkono watoto wetu tunawaunga kwa maneno huku tukiwaita jikoni kila baada ya dakika kumi.

Kwa siku ambazo kanisa lina shughuli, nilimchorea kinanda cha karatasi. Niliunganisha manila mbili kwa gundi, nikapima kila kibonyezo cheupe sentimita mbili na milimita tatu na nusu, kama kilivyo kwenye kinanda chenyewe, nikapata vyeupe 36 na vyeusi 25, jumla 61, urefu wa karibu sentimita 85. Hukiweka juu ya meza ya chakula, vidole vikatembea bila sauti, na yeye huimba kwa sol-fa mkono wa kulia unapopita huku akitazama karatasi ya mistari mitano iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Kwa njia hiyo sol-fa imegeuka daraja lake: anaitazama nota juu ya mstari, anaitaja kwa jina la sol-fa, anaigusa. Kona moja ya manila ile imekwishachakaa mpaka wino umefutika, nami nimeuchora upya mara mbili.

Jambo lililosaidia kuliko yote ni usaili wa majaribio. Niliwaomba wazee watatu wa kwaya wakae nyuma ya meza siku ya Jumamosi, wasicheke naye, wasimpongeze, wamkatishe katikati ya wimbo, wamuulize kwa nini anataka kusoma muziki na anasikiliza muziki gani nyumbani. Mara ya kwanza alifuta viganja kwenye sketi mara tatu kabla hajagusa kinanda, na alipoulizwa kwa nini anataka kusoma muziki alisema «kwa sababu naupenda» kisha akanyamaza. Mara ya nne aliingia, akaamkia, akasogeza kiti mpaka kikamfaa, akakaa na kupumua kabla ya kuanza. Alipoulizwa swali lilelile alieleza kwamba anataka kujifunza kuziandika nyimbo za bibi yake kwa namna ambayo mtu wa Mtwara anaweza kuzisoma na kuziimba bila kumsikia bibi. Sikuwahi kulisikia hilo kutoka kinywani mwake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na birika la chai, nikarudi jikoni ili asinione machozi.

Baba yake alitaka aende uuguzi, na simlaumu, kwa kuwa kila mzazi anataka mtoto awe na mshahara. Majirani wengine husema muziki ni uhuni, na hao sina muda nao. Kwa wenye hofu ya kweli ya kipato nasema kwamba maisha ya mwanamuziki si mepesi na sitamficha mzazi jambo hilo, lakini nchi imebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeipa sanaa nafasi ambayo haikuwa nayo, mitaala mipya imeanza kutumika mwaka 2024, na mwaka huohuo zilitangazwa tahasusi 65 za kidato cha tano, sanaa ikiwa ni mojawapo ya makundi yake. Masomo hayo yanahitaji walimu, na walimu hao lazima watoke mahali fulani. Ninasema haya nikiwa ndani ya darasa: katika shule ninayofundisha ala zote za muziki ni ngoma mbili, na mwalimu anayepangiwa kipindi cha sanaa ni yule ambaye ratiba yake ina nafasi.

Umbali nao unakula. TaSUBa iko Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, Tumaini Makumira iko Usa River karibu na Arusha, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002, kiko Zanzibar. Ninavitaja kwa ajili ya ramani tu, visihusishwe na kisa nilichosimulia. Ni kweli kwamba treni ya SGR, iliyozinduliwa rasmi hapa Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, imeturahisishia safari ya Dar es Salaam, lakini bado kuna nauli ya watu wawili, kuna malazi na kuna chakula, kwa sababu binti wa miaka 17 hapelekwi peke yake katika mji asioujua. Mzazi akiambiwa Jumatano kwa ajili ya Ijumaa, mtoto atasafiri usiku na kupiga kinanda akiwa na usingizi. Vidole vya mtu aliyekesha kwenye basi haviwi vyake.

Kwa hiyo naviomba vyuo vinavyofundisha muziki, vya umma na vya binafsi, pamoja na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) linalosimamia vyuo vya astashahada na stashahada, vitoe karatasi moja tu ya maelezo pamoja na fomu ya maombi: mwombaji atapiga vipande vingapi na vya urefu gani, atapimwa kwa nota zipi na kwa kiwango gani, kama sol-fa inakubaliwa, kama ala za asili zinakubaliwa, na kama chuo kitampa kinanda au aje na chake. Tarehe ijulikane wiki sita kabla. Aliyekosa nafasi aandikiwe walau sentensi mbili za kumweleza alipopungukiwa, kwa kuwa jibu la «hujachaguliwa» halimfundishi mtoto afanye nini kesho yake. Na ikiwezekana, mara moja kwa mwaka wasaili waje Dodoma. Huu ni mji mkuu wa nchi. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kuna Chuo Kikuu cha St. John's, kuna Chuo cha Mipango, na kumbi zake haziwezi zote kukosa siku mbili za nafasi. Kusafiri kwa wasaili watatu kutoka pwani ni gharama ndogo kuliko kusafiri kwa watoto wa Kondoa, Singida, Manyoni na Mpwapwa pamoja na wazazi wao.

Pale ambapo wasaili hawawezi kuja, wapokee video. Bodi hiyohiyo ya ABRSM tangu mwaka 2020 inapokea mitihani ya upigaji iliyorekodiwa, mtahiniwa akipiga vipande vinne mfululizo bila kukatiza, na vyuo vingi vya Marekani na Ulaya huwachuja waombaji kwa video kabla ya kuwaita ana kwa ana. Simu za kawaida tulizo nazo zinatosha kwa kazi hiyo. Sisi tulijifunza kwa makosa: simu ilazwe ubavu na iegemezwe juu ya kitu kisichotikisika, uso na mikono vyote vionekane, feni izimwe, na isikatwe katikati hata akikosea, kwa sababu msaili akiona mahali palipokatwa atashuku kila kitu kingine. Tulirekodi saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupita.

Kuna jambo moja la tahadhari ambalo sipendi kuimaliza barua bila kulitaja. Ukimya wa vyuo umewapa nafasi watu wanaojiita mawakala, ambao huwaahidi wazazi nafasi ya uhakika kwa malipo ya kwenye simu. Mmoja alinipigia akijua jina la binti na chuo alichoomba. Mzazi atambue kwamba malipo ya chuo cha umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontro namba, wala hayapitii kwenye simu ya mtu binafsi. Na kabla ya kulipa chochote atazame kama chuo na kozi husika vimo katika mwongozo wa udahili wa baraza nililolitaja. Vyeti navyo viwekwe tayari mapema, hasa cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa wengi wetu ndicho huchelewesha kila kitu.

Binti yangu ataomba tena mwaka huu. Safari hii zeze litatoka kwenye khanga kabla hajaulizwa, na babu yake amelibadilishia uzi na kulipaka mafuta. Wazee watatu wa kwaya wamekubali kuendelea kukaa nyuma ya ile meza kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa kijana yeyote wa Dodoma anayejiandaa kwa usaili wa muziki, awe wa dhehebu lolote au dini yoyote, bila malipo. Mzazi atakayetaka kumleta mwanawe aandike kupitia meza yako, Mhariri, nami nitamjibu. Aje na ala yake kama anayo, na kama hana aje na manila mbili na rula.

Mzazi na mwalimu,
Nkuhungu, Dodoma